Pesa inavuka mpaka, malalamiko yanakwama

MFANYABIASHARA anayenunua mayai upande wa Uganda na kuyauza Busia, Kenya, siku hizi hana haja ya kufunga noti kwenye leso. Laini moja ya simu ni ya Uganda, ya kuwalipa wafugaji. Nyingine ni ya Kenya, ya kupokea malipo ya wenye maduka na vibanda. Muuza mahindi wa Malaba, katika wilaya ya Tororo, hufanya vivyo hivyo. Asubuhi anatuma pesa mashambani, mchana mzigo unafika, na jioni mteja aliye Bungoma au Eldoret anamlipa bila kuonana naye. Mtaji, orodha ya wadeni, namba za wateja na akiba ya karo ya watoto vyote vimo kwenye kifaa kinachoingia mfukoni.

Kwa sababu hiyo, kifaa hicho kikivamiwa na matapeli, au mtandao ukikatika, kinachosimama ni riziki ya nyumba nzima. Kampuni kubwa ikidukuliwa ina mhasibu, wakili, bima na fundi wa kompyuta wa kuamshwa usiku. Mama wa mayai ana yeye mwenyewe na majirani zake sokoni. Akipoteza mtaji wa wiki mbili anaweza kurudi sokoni akiwa kibarua wa mwenzake, huku mkopo wa chama ukiendelea kudai riba.

Hatari hii ipo kila mahali palipo na simu, lakini mpakani ina uzito wa ziada. Pesa imeruhusiwa kuvuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa sekunde chache, ilhali malalamiko ya aliyeibiwa bado yanasimama getini. Hilo ndilo pengo ambalo serikali za Kenya na Uganda, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinapaswa kuliziba kabla halijameza biashara nyingi zaidi.

Busia ni mji uliojifunza mapema kuishi na mpaka. Hapo ndipo panapotajwa kuwa chimbuko la neno bodaboda, tangu enzi za waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani mjini humo. Kituo hicho kinafuata sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, inayowaruhusu maofisa wa nchi moja kufanya kazi zao ndani ya ardhi ya nchi jirani. Tangu hapo msafiri na mwenye mzigo wanahudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja, badala ya kusimamishwa mara mbili.

Mpango huo ulitokana na wazo rahisi: mpaka ni mmoja, basi na huduma iwe moja. Wazo hilo limefika kwa lori, kwa gunia na kwa pasipoti. Halijafika kwa pesa iliyoibiwa kwa njia ya simu.

Chukua mfano wa muuza nyanya anayeishi Busia ya Uganda na kutumia laini ya Kenya kupokea malipo. Anapigiwa simu na mtu anayejiita mhudumu wa kampuni ya simu, anazungushwa kwa maneno hadi anataja namba ya siri, na salio lake linahamishwa. Pesa inatolewa kwa wakala upande wa pili kabla hajamaliza kueleza yaliyompata. Akienda polisi upande wa Uganda, laini ni ya Kenya. Akivuka kwenda polisi wa Kenya, yeye ni mkazi wa Uganda na anadaiwa kitambulisho kilichosajili laini. Akifika duka la kampuni ya simu, anaambiwa alete barua ya polisi. Kila mlango una hoja yake, na kila hoja inaweza kuwa na msingi. Lakini mwizi anahitaji dakika tano tu, na mlalamikaji anahitaji siku tatu.

Mbinu zinazotumika si ngeni kwa wengi. Ipo ile ya ujumbe mfupi unaofanana na wa kampuni ya simu, unaosema pesa imeingia, kisha simu ya kulia kwamba imetumwa kimakosa na irudishwe haraka. Asiyeangalia salio lake hurudisha pesa ambayo hakuipokea. Ipo ya kubadilishiwa laini: tapeli anafanikiwa kusajili namba ya mwenzake kwenye kadi mpya, na ghafla simu ya mwenye namba inapoteza mtandao wakati majirani wote wanao. Ipo pia ya WhatsApp, ambapo mtu anaombwa "tafadhali nitumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya". Akizituma tu, akaunti yake inakuwa mikononi mwa mwingine. Wateja wake wa miaka mingi wanaanza kupokea maombi ya kulipa kwa namba mpya, kwa jina na picha yake.

Mpakani kuna mbinu moja zaidi yenye faida kubwa kwa matapeli: ujumbe unaodai kutoka kwa mamlaka ya mapato au kwa wakala wa forodha, kwamba mzigo umezuiliwa na ada fulani itumwe kwa namba hii. Mtu ambaye kweli ana mzigo njiani, na anajua nyanya hazisubiri, hutuma kwanza na kuuliza baadaye.

Kisha kuna tatizo ambalo wafanyabiashara wenyewe hulijua na hawapendi kulisema. Laini nyingi zinazofanya biashara mpakani hazina jina la anayezitumia. Mganda ameomba rafiki Mkenya amsajilie laini. Mkenya ameomba shemeji yake wa Tororo afanye hivyo. Mambo yakiwa shwari, hakuna anayejali. Siku laini inapopotea, au rafiki anapohama, au undugu unapovunjika, mwenye mtaji anagundua kwamba kisheria mtaji si wake. Hawezi kuirudisha laini, hawezi kulalamika, na hawezi kuthibitisha kwamba shilingi iliyoibwa ilikuwa yake.

Utapeli ni upande mmoja wa shilingi. Upande wa pili ni mitambo yenyewe kusimama, na hapo hata aliye mwangalifu kuliko wote hana la kufanya peke yake. Kumbukumbu ya miaka ya karibuni inatosha kuonyesha.

Oktoba 2020, mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, inayounganisha benki na mitandao ya simu nchini Uganda, ulivamiwa. MTN Uganda, Airtel Uganda na Benki ya Stanbic zilitoa taarifa ya pamoja na kusimamisha kwa muda huduma za kuhamisha pesa kati ya benki na simu. Zilisema salio la wateja halikuguswa. Hata hivyo, aliyekuwa na pesa benki na mzigo wa kulipia sokoni alilazimika kusubiri.

Tarehe 27 Julai 2023 ikawa zamu ya Kenya. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilishambulia jukwaa la serikali la eCitizen, lenye huduma zaidi ya 5,000, kwa kulimiminia maombi bandia hadi likashindwa kuwahudumia wananchi. Waliohitaji pasipoti, viza au usajili wa biashara walikwama, na huduma za M-Pesa nazo zikayumba. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Oktoba 2024 mamlaka za Marekani zilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Haki inaweza kufika, lakini hufika muda mrefu baada ya nyanya kuoza.

Si kila hitilafu huletwa na adui. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Uganda haina pwani. Intaneti yake hupita kwa majirani, kwa hiyo waya ukikatika baharini, Tororo inahisi. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima takriban kompyuta milioni 8.5 duniani, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Hapakuwa na mdukuzi hata mmoja.

Na wakati mwingine aliyezima ni serikali yenyewe. Siku ya uchaguzi wa Uganda, tarehe 18 Februari 2016, huduma za pesa kwa simu zilifungwa. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mwingine, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Lakini muuza samaki hana chama cha siasa ndani ya kapu lake, na dagaa hawajui ni msimu wa kampeni.

Matukio haya yanafundisha jambo moja. Kwa mfanyabiashara mdogo, swali la kama mtambo utasimama limepitwa na wakati. La muhimu ni kitakachofanyika siku utakaposimama. Na mpakani jibu la swali hilo lina athari hata kwa sheria. Mtandao wa forodha ukilala, malori ya Malaba hupanga foleni, na kampuni kubwa huvumilia kwa sababu zina uwezo wa kuvumilia. Mwenye trei hamsini za mayai hana uwezo huo. Anatazama jua, anatazama mzigo, kisha anatazama njia za panya. Hapo raia aliyekuwa tayari kufuata utaratibu anageuzwa mtu wa magendo, anaangukia mikononi mwa wanaodai kitu kidogo, na serikali zote mbili zinapoteza ushuru na takwimu.

Jambo hili linasikitisha zaidi kwa sababu Jumuiya tayari imemtengenezea mtu huyo mlango wake. Utaratibu rahisi wa biashara unamruhusu mwenye bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Mlango huo haupaswi kufungwa na kukatika kwa umeme au kwa mtandao.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo mamlaka zinaweza kuyafanya bila kusubiri mkutano mwingine wa marais.

Kwanza, Busia na Malaba zipatiwe dawati la pamoja la malalamiko ya pesa kwa simu na uhalifu wa mtandaoni. Ofisa wa forodha wa nchi moja anafanya kazi ndani ya nchi ya pili. Hakuna sababu ya ofisa wa polisi wa makosa ya mtandao kushindwa. Dawati hilo liwe na mtu wa polisi kutoka kila upande, na simu ya moja kwa moja kwa kampuni za mawasiliano zenye uwezo wa kuzuia pesa isitolewe. Lipokee malalamiko kwa fomu moja inayokubalika nchi zote mbili. Liwe na wahudumu wanaozungumza Kiswahili, Kisamia na Kiteso, lugha ambazo hazikuwahi kukatwa na mpaka. Madawati ya habari za biashara yanayowasaidia wafanyabiashara wadogo mipakani yanaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Sheria hazikosekani. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu 2011, na Kenya ina yake ya mwaka 2018. Nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Jumuiya nayo ilikubali mwongozo wa pamoja wa sheria za mtandao tangu 2010. Kinachokosekana ni mkono wa upande mmoja kuushika mkono wa upande mwingine kabla mwizi hajafika kwa wakala.

Pili, kila kituo cha mpakani kiwe na utaratibu wa maandishi wa siku mtandao unapolala. Ubandikwe ukutani mahali kila mtu anapouona: baada ya muda gani kazi inahamia kwenye karatasi, fomu ipi inatumika, nani anaidhinisha, na taarifa zinaingizwa lini kwenye kompyuta mtambo ukirudi. Bidhaa zinazoharibika, kama maziwa, samaki, nyanya na mayai, zipewe nafasi ya kwanza. Kenya inawataka wafanyabiashara watumie eTIMS na Uganda inawataka watumie EFRIS kutoa risiti za kielektroniki. Serikali inayomtaka raia aingie kwenye mtambo ina wajibu wa kumwambia afanye nini mtambo ukimwacha njiani, na isimtoze faini kwa kosa ambalo si lake.

Tatu, usajili wa laini uwe rahisi kwa raia wa pande zote. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Kitambulisho kinachotosha kumvusha mtu mzima kinapaswa kutosha kumsajilia laini kwa jina lake katika kila duka la kampuni ya simu lililo mpakani. Hatua hiyo peke yake itawatoa watu wengi kwenye mtego wa laini za kuazima, na itawarahisishia polisi kazi ya kumpata mhalifu.

Kampuni za simu na benki nazo hazitoki mikono mitupu. Zinavuna ada kwa kila shilingi inayopita Busia na Malaba. Ni haki zirudishe sehemu ya mavuno hayo kwa kuwafunza mawakala wao kutambua utoaji wa pesa wa kutia shaka, kwa kuchelewesha kidogo muamala mkubwa unaofanyika mara tu baada ya laini kubadilishwa, na kwa kutangaza mapema na kwa ukweli huduma inapokwama. Mteja anayeambiwa saa mbili asubuhi kwamba mtandao una hitilafu anaweza kupanga siku yake. Anayeachwa abonyeze simu mpaka adhuhuri ameibiwa muda, na muda sokoni ni pesa.

Baada ya kusema hayo yote, mfanyabiashara naye ana sehemu yake, na wahenga walishaisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Simu si daftari. Inaibwa, inaanguka majini, inakufa. Anayeandika kila jioni kwenye kitabu nani anadaiwa nini, nani amelipwa kwa namba ipi, na kumbukumbu ya muamala ni ipi, ana ushahidi wa kupeleka polisi na ana mahali pa kuanzia upya. Namba za wateja wakuu na wauzaji ziandikwe kwenye kitabu hichohicho. Mwenye duka linalotumia kompyuta aweke nakala ya hesabu zake kwenye kifaa kingine, na kifaa hicho kisilale dukani.

Mtaji wote usikae kwenye laini moja. Sehemu iwe benki au kwenye chama cha akiba, sehemu kwenye mtandao wa pili wa simu, na kiasi kidogo cha noti kiwepo kwa siku mbaya. Namba ya siri haiulizwi na kampuni yoyote. Anayeiuliza ni mwizi, hata akijua jina kamili la mteja. WhatsApp ina kinga ya hatua mbili inayowekwa kwa dakika chache kwenye mipangilio, na vijana wengi sokoni wanaweza kumsaidia mama asiyejua. Pesa ikidaiwa kuingia, salio liangaliwe kwanza, ujumbe usiaminiwe. Mteja au muuzaji akituma namba mpya ya kulipia, apigiwe kwenye namba ya zamani na sauti yake isikike kabla shilingi haijatoka.

Na dakika za kwanza baada ya wizi ndizo zenye thamani. Mteja wa M-Pesa aliyetuma pesa kimakosa hupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456, na ujumbe wa kitapeli huripotiwa Safaricom kwenye 333. Wateja wa MTN na Airtel nchini Uganda hupiga 100. Namba hizo ziandikwe kwenye jalada la daftari, si ndani ya simu itakayokuwa imeibwa.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kufanya kubwa zaidi ya mtu mmoja mmoja. Kikao cha kila mwezi kitenge muda wa kuelezana utapeli mpya ulioonekana. Wengi hunyamaza kwa aibu, wakidhani wameibiwa kwa ujinga, na ukimya wao ndio unaomlisha tapeli. Anayesimulia leo anamwokoa jirani kesho.

Wapo wanaosema suluhisho ni kurudi kwenye noti. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inasahau mengi. Noti nazo zina noti bandia, zina wanyang'anyi wa alfajiri, na zina kiwango cha kubadilisha fedha kinachoshuka mteja akionekana ana haraka. Kwa wanawake wengi pesa kwa simu ilikuwa mara ya kwanza kuwa na akiba ambayo hakuna mwingine nyumbani anaweza kuihesabu. Kurudi nyuma ni kuwaachia matapeli soko zima.

Njia iliyo wazi ni kukamilisha kazi iliyoanza. Maofisa wa Kenya na Uganda tayari wanakaa chini ya paa moja Busia. Meza moja zaidi chini ya paa hilo, yenye simu, fomu na watu wawili wenye mamlaka ya kusema "pesa hiyo isitolewe", haitazigharimu serikali hizo mbili kitu cha kuwashinda. Kwa mwenye trei hamsini za mayai, meza hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya siku mbaya na mwisho wa biashara.